Kona ya Darajani

Jumamosi, 3 Mei
Shemeji kanunua gari la mashindano. Yeye! Daktari wa meno, mtu anayeegesha gari la kazini kwa mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka mlinzi anaangalia pembeni kwa huruma. Hili la leo lina viti viwili tu na mabomba ya chuma ndani kama kizimba cha kuku. Tayari kalibandika namba ubavuni, na hata kujiandikisha hajajiandikisha. Dada katoka na mikono yenye sabuni, kalitazama, karudi ndani kuosha vyombo. Shemeji anasema huo ni mshangao wa furaha.

Jumanne, 6 Mei
Anatafuta wa kukaa kiti cha pili na kumsomea kona. Rafiki zake wote wana udhuru. Wa mwisho kasema mgongo — jana alikuwa anacheza mpira! Dada kanivuta jikoni. Nikae mimi, eti nikiwemo atajizuia kidogo. "Nirudishie baba watoto wangu, mdogo wangu." Na kwa kuwa nachora ramani za viwanja, basi nimeshakuwa mtaalamu wa mbio. Nimekubali kwa ajili ya dada. Si kwa ajili ya lile bati.

Jumapili, 11 Mei
Tumepita njia ya mashindano polepole, lami tupu, kilomita kumi na mbili. Kila kona inapewa namba. Moja ni kali, karibu unarudi ulikotoka. Sita unapita bila kugusa breki. Dereva anataja, mimi naandika, na siku yenyewe namsomea.
Kwa shemeji kila kona ni tano. Kona ya kiwanda cha matofali, yenye alama za matairi mpaka mtaroni — tano! Nikamuuliza ana uhakika. "Shem, we andika tu." Kona moja tu ndiyo iliyomziba mdomo: ya kushoto, mara tu baada ya daraja jembamba. Ukuta wa mawe huku, mto kule. "Mbili," akasema, kwa sauti ya wagonjwa wake.
Nimerudi nyumbani nimeshika kifutio. Kona kumi na moja za tano sasa ni tatu. Hajui. Ile mbili sikuigusa, ndiyo kweli pekee aliyosema siku nzima.

Ijumaa, 23 Mei
Ukaguzi wa magari. Mkaguzi kagusa mtungi wa kuzimia moto, ukambakia mkononi. Shemeji alikuwa kaufunga kwa kamba ya kiatu. Ya kiatu! Ila suti mpya anayo, kashonewa jina kifuani na kundi la damu. La damu kakosea, dada ndiye aliyegundua.

Jumamosi, 24 Mei
Tumemaliza! Wa kumi na moja kati ya kumi na wanne, na wawili kati ya watatu tuliowashinda magari yao yaliharibika. "Kushoto tatu. Kulia tatu, inazidi kubana. Daraja — kushoto mbili!" Alifunga breki kama mtu anayefanya mtihani. Ukuta ukapita karibu na kiwiko changu.
Halafu naandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nilifurahi. Nilifurahi mno, na nilitaka aongeze mwendo. Aibu gani hii.
Jioni shemeji anawasimulia watu jinsi anavyozisikia kona mwilini. Mwilini! Dada kapiga simu, nikamwambia mumewe anaendesha mwendo wa kwenda kliniki. Kesho tunarudia njia ileile.

Jumapili, 25 Mei
Naandika nyuma ya daftari la kona, shajara iko nyumbani. Tuko kwenye foleni. Magari manne mbele yetu.
Shemeji amelifunua daftari wakati wa chai. "Nimeona ulivyofutafuta, shem. Nimekusamehe. Leo ukisema tatu, mimi nasikia tano. Naongeza mbili."
Nikamuuliza, kona zote?
"Zote."
Nikamwambia si zote nilizofuta. Ya darajani ni mbili yake mwenyewe, aliitaja kwa mdomo wake. Akacheka. Anasema uoga wangu umeanza tena, na jana pale darajani nilimpotezea sekunde tatu. Hata hakumbuki! Mjinga aliyevaa helmeti ya kukodi.
Nikirudisha tano, atasikia saba. Nikipunguza mbili kila mahali, darajani nitasoma nini? Hakuna kona sifuri.
Magari matatu.
Nimemwambia mara ya pili, na mara ya tatu nimepiga kelele. Kaongeza sauti ya injini. Dada kaandika: mkimaliza nipigie. Nimezima simu.
Kadi ya muda, ya kuandikiwa saa ya kuondoka, anakabidhi msomaji, kupitia dirisha lake. Bila kadi, mwenye saa pale kwenye mstari wa kuanzia haruhusu gari kuondoka. Sheria hiyo shemeji haijui, hakusoma kitabu cha sheria, nilisoma mimi.
Gari moja.
Na mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe, kama ndio wenye pedali ya mafuta. Namdharau yeye, halafu mimi je?
Mwenye saa kainama dirishani kwangu, mkono kaunyoosha. Shemeji anasema, "Kadi, shem." Anasema tena. Naandika kama vile naitafuta daftarini.
Nimeikalia.