Usiguse Shingo ya Besi

Baba watoto,

Rangi ya kucha haijakauka, usiguse shingo ya gitaa lako la besi. Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi kiongozi wa bendi alikuja kusema ukikosea noti tena leo, mpiga kinanda atachukua nafasi yako. Ukajibu kutoka bafuni, "Besi isiyo na vyuma vya kuonyesha noti shingoni huchezwa kwa sikio!" Sikio lipi, mume wangu? Ukianza mazoezi, watoto wanafunga mlango.

Basi nimebonyeza nyuzi polepole, nikitazama kipima noti kwenye simu, nikatia nukta ya rangi penye kila noti, ubavuni mwa shingo, unapoona wewe tu. Mashabiki hawatajua.

~~Ukizifuta, ulale hukohuko unakopiga.~~ Ukizifuta, nitazipaka tena.

Nukta za karibu na tumbo la gitaa bado, nitamalizia kesho. Leo usifike huko, hata wakikupigia makofi.

Mama watoto