Kivuli Nilichokataa Kukipunguza

Jumamosi, Malindi. Rasharasha tangu asubuhi, na moyo wangu hautulii.

Leo tumewaonyesha watu gemu yetu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi mdogo hapa mjini. Miaka miwili tumeitengeneza, mimi na Kadzo. Mimi huchora; yeye, kwao Kibarani, huandika programu inayozifanya picha zangu zitembee. Ni habari ya msichana anayevuka mikoko kwa daraja la mbao, akimtafuta dadake. Mikoko hiyo niliichorea Dabaso, nikaumwa na mbu hadi wakachoka wao.

Watu walisongamana mbele ya skrini. Bibi mmoja alisema, "Mashallah, hata matope yanapendeza!" Nikajiona nimefika.

Kisha wakaanza kucheza.

Msichana akaruka kutoka ubao mmoja hadi mwingine, akakosea, akaanguka majini. Akarudishwa mwanzo, akaanguka tena palepale. Mwalimu mmoja alijaribu mara tisa, kisha akaisukuma kibodi.

"Picha nzuri sana," akasema. "Lakini huku kuruka, nani kakutengeneza? Kunaudhi."

"Ni mimi, mwalimu," Kadzo akajibu, macho chini.

"Basi, dada, mwenzio kafanya kazi yake. Wewe bado."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikanyamaza. Tena nilitabasamu.

Hili sijamwambia mtu: kuruka hakuna kasoro. Wachezaji hawauoni ukingo wa mbao kwa sababu ya kivuli cha mikoko nilichokichora mimi. Kadzo aliligundua hilo zamani. Aliniomba mara tatu nikipunguze. Mara ya tatu nilimwambia haelewi sanaa, arudi akatazame hesabu zake. Akarudi kweli. Akahangaika wiki nzima kutafuta kosa lisilokuwa lake.

Nakipenda mno kivuli kile. Ndicho kitu bora nilichowahi kuchora.

Alasiri tulifungasha vitu. Nilimkuta barazani akingoja mvua ipungue.

"Kadzo, kosa ni langu."

"Najua."

"Mbona hukumwambia yule mwalimu?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Alijifunika mtandio kichwani, akaondoka kwenye mvua ile ile.

Nimefika nyumbani nikaifungua picha ya daraja kabla hata ya kubadili nguo. Nimekipunguza kivuli mpaka kila ubao ukaonekana. Picha imepwaya, sitasema uongo. Nikaijaribu: msichana akavuka mara ya kwanza. Nikalia kama mtoto.

Nimemtumia Kadzo. Ameiona, hajajibu.

Kesho akitoka kanisani nitakuwa Kibarani, nimwombe radhi mbele ya mamake, ambaye wiki ile nzima alimsikia bintiye akijilaumu. Yule mwalimu pia nitamtafuta, nimweleze.

Lakini kama watu wasingeanguka leo, kama wangesifu tu na kwenda zao, je, ningewahi kusema?