Theluji ya Dukani

Jumatatu, 25 Desemba 2006
Al Nahda, Dubai

Kwa masikitiko makubwa natangaza kutoboka kwa soksi yangu ya mguu wa kushoto, upande wa kidole gumba, kulikotokea asubuhi ya leo ndani ya basi la kampuni. Marehemu ameacha soksi moja ya kulia. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, hasa yule bwana anayelala kitanda cha juu yangu, mwenye soksi nyingi na roho ndogo.

Hali ya hewa siiandiki hapa mwanzoni kama siku nyingine. Leo hali ya hewa imeninyang'anya urithi. Nitaifikia.

Krismasi nimeila kwenye mji wa kale wa milimani. Ni mji mzuri, siwezi kuusema vibaya. Una nyumba za mbao zenye mapaa yaliyochongoka, una kengele isiyo na kanisa, na una kibao kinachomkaribisha mgeni katika kijiji chenye historia ndefu. Historia yenyewe ilianza mwaka jana, walipomaliza kupaka rangi. Mji wote umo ndani ya jengo la maduka, jirani na wauza manukato: mlima, theluji ya kutengenezwa na mitambo, na watu wazima wanaolipa ili wateleze na kuanguka. Nje jangwa, ndani baridi ya chini ya sifuri. Kazi yangu ni kuwavalisha wageni makoti.

Wewe unayesoma hii blogu kama si mtu wa Kilimanjaro, nikueleze jambo moja. Sisi Desemba tunarudi nyumbani. Wenzetu wanatucheka eti tunakwenda kuhesabiwa. Waache wacheke, ni kweli tunahesabiwa. Mbuzi anachinjwa, kila mmoja ana nyama yake kwa nafasi yake katika ukoo, na mzee anaangalia nani yupo na nani hayupo.

Mwaka huu kulikuwa na zaidi ya mbuzi. Baba aliamua kugawa kihamba, lile shamba la migomba ambamo tumezaliwa na ndimo tunamozikwa. Kaka yetu mkubwa alishapewa chake. Mdogo wetu Aminieli, kwa kuwa ni wa mwisho, anarithi nyumba. Kipande cha juu, kando ya mfereji, Baba alisema ni changu tangu nikiwa shule ya msingi. Kilichobaki kilikuwa kupanda masale, ile mimea yetu ya mpaka. Yakishapandwa mbele ya ukoo, yamepandwa. Hakuna mtoto anayeyang'oa.

Tatizo langu ni picha.

Mwezi wa kumi nilimtumia Aminieli picha yangu kwa barua pepe. Nimevaa koti la kazi, nyuma yangu theluji na zile nyumba za mbao. Nikamwandikia ukweli mtupu, kwamba hapa ndipo kazini kwangu, ndani ya duka, Dubai. Aminieli akaichapisha mjini Moshi, akampelekea Baba. Baba akaiangalia siku mbili. Siku ya tatu akasema: huyu ameshafika Ulaya, anatuficha ili tusimwombe. Na mtu aliyefika Ulaya anataka kihamba cha nini? Apewe Aminieli.

Kwa hiyo leo nilikuwa na kazi moja tu duniani: kumfanya baba yangu aamini kwamba niko Dubai kabla masale hayajaingia ardhini.

Saa ya mapumziko nikajibanza kwenye korido ya wafanyakazi na simu yangu ya mkononi na kadi ya kupigia nje. Mara ya kwanza haikupita, mara ya pili haikupita. Ikapita. Nikasikia watu wengi, mbuzi, na mtu anayeimba vibaya. Aminieli akampa Baba simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Huko Ulaya mmeshaamka?"

"Baba, niko Dubai."

"Na ile theluji?"

"Iko dukani, Baba."

Halafu akaanza kwa upole, upole wa mtu anayemhoji mwizi wa kuku.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa chini ya theluji. Naiona kila asubuhi nikitoka mlangoni. Sijawahi kuiona dukani."

"Hawaiuzi, Baba. Wanateleza juu yake."

"Ndani ya duka."

"Ndiyo, Baba."

"Jangwani."

"Ndiyo, Baba."

Nilijisikia mwenyewe. Kila nilipojibu kweli nilizidi kuwa mwongo. Ningekuwa mimi ndiye Baba, ningemnyima huyo mtoto hata mkia wa mbuzi.

Hapo nikapata wazo, na sitaki kusifiwa kwa hilo. Nikamwita Bakari. Bakari ni Mmombasa, anagawa glovu dirisha la pili, kijana wa dini na maneno matamu. Nikasema Baba atamwamini mtu wa pwani mwenye kuapa.

"Shikamoo mzee wangu. Wallahi mwanao yuko Dubai, tuko naye hapa."

Sikusikia Baba alisema nini. Nilimsikia Bakari tu: "Ndiyo mzee... La, Muislamu... Ndiyo, hata mimi nimo kwenye theluji... Koti? Ninalo mzee, na kofia ya sufi..."

Akanirudishia simu huku akijikuna shingo. "Ndugu yangu, babako anacheka sana. Amesema sasa waongo mko wawili."

Baba aliponirudia alikuwa bado anacheka. Akasema basi, nikupe mtihani mmoja mdogo. Kama uko Uarabuni kweli, niambie jua likoje hapo sasa hivi.

Jua!

Basi lilitupakia alfajiri. Tukashushwa ndani, kwenye maegesho ya chini. Tangu hapo nilikuwa sijaona dirisha. Nikamwambia sijui, Baba, niko ndani.

"Aisee. Mtu hajui jua la juu ya kichwa chake," akasema, na simu ikakatika.

Nikakimbia. Nilikimbia na koti la sufi, buti za theluji na soksi marehemu, nikapita katikati ya familia zilizobeba mifuko, nikapita mti wa Krismasi mkubwa kuliko kanisa letu. Mlinzi mmoja akaniita, "Yalla, wapi na koti?" Sikusimama. Mlango ukafunguka wenyewe. Nikapiga simu tena nikiwa nimesimama pale teksi zinaposhusha wageni, na kwa mara ya kwanza leo ikapita papo hapo.

"Kaka," akasema Aminieli, "wazee wameshasimama. Baba anauliza, jua vipi?"

Nikainua uso.

Wingu. Wingu zito kutoka upande mmoja hadi mwingine, na manyunyu. Miezi kumi na tano niko mji huu nalia na jua, na leo tu halipo.

Ningeweza kudanganya. Linawaka, Aminieli, linachoma, mwambie linachoma. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka. Naandika hivi ili mtu asije akadhani mimi ni mwema. Nilisema ukweli kwa uchovu.

"Kuna wingu. Mvua inanyunya."

Nikamsikia akitangaza: "Anasema kuna wingu na mvua!" Nikasikia ukoo mzima unacheka, hadi wale ninaowadai heshima. Sauti ya Baba ikatokea mbali: mwambie Krismasi njema huko huko Ulaya.

Aminieli akasogea pembeni. "Kaka, wanapanda sasa hivi. Usijisikie vibaya. Ukija likizo utafikia kwangu."

Utafikia kwangu.

Kama mgeni! Na begi, na soda za watoto. Na siku nikifa wataulizana wanizike wapi, maana mtu wa kwetu huzikwa kwake, na mimi kwangu hakupo tena. Likizo yangu iko mwakani, pasipoti iko ofisini, na hata nikienda nitapeleka ushahidi gani? Niwabebee theluji kwenye chupa?

Nilirudi ndani. Msimamizi aliniandikia onyo, akaniambia khalas, rudi kwenye makoti. Nikawavalisha watu hadi jioni. Mama mmoja wa Kizungu aliniuliza kama na mimi ni mwenyeji wa milimani. Nikamwambia ndiyo. Akacheka, hakuniamini.

Sijui nitampigia Baba lini. Sijui nitaanzia wapi.

Kipande chenyewe, cha kando ya mfereji, pamoja na migomba yake yote na mahali pa kaburi, ni kidogo kuliko chumba tunachowekea mabuti.