Furushi Ndani ya Friza ya Bi Zaituni

Karatu, Jumapili

Mke wangu Mama Upendo,

Salamu kwako, na kwa lile goti la mama linalotabiri mvua kuliko redio. Upendo bado anakohoa? Mimi mzima. Ukungu unaoshuka kutoka Ngorongoro hunikuta asubuhi chini ya magari ya watalii, mgongo umekakamaa kama springi ninazozifunga, lakini kitambi kipo palepale, usihofu. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu mtandao wa huko ungekatika katikati, nawe ukipata nusu ya habari, nusu nyingine unajijazia mwenyewe.

Upishi wangu unaujua. Nikipika maharage napika kama ya msibani, kesho yake yamechacha, nawamwagia kuku wa Bi Zaituni, mama mwenye nyumba. Siku moja akanisimamisha. "Baba Upendo, kuku wangu sasa wananenepa kukushinda wewe, na hilo si jambo dogo." Akanifundisha: yapoe kwanza, niyagawe kwenye makopo, kila kopo mlo mmoja, kisha yaingie kwenye friza yake iliyoko koridoni. Tangu hapo sijamwaga hata punje. Sharti lake lilikuwa moja tu. Yeye hali nyama isiyochinjwa Kiislamu, kwa hiyo nyama asiyoijua isiingie humo.

Sasa sikia. Jumatano Petro, dereva tuliyepanga naye ua mmoja, alikuwa anawahi wageni wa kreta ya Ngorongoro, gari linaunguruma. Akanipa furushi lililofungwa gazetini. "Kaka, liweke kwenye baridi lisiharibike." Nikaliweka chini ya makopo yangu. Sikuuliza ni nini. Mkononi nilikuwa na spana, akili yote iko kwenye gia boksi.

Kesho yake nikarudi mchana, nikakuta ua umefagiwa na viatu vya wageni vimejaa mlangoni. Wamekuja na lori la vitunguu kutoka Mang'ola, bila taarifa, kumposa Rehema, binti wa Bi Zaituni. Mwenyewe akapita na sinia la mchele, anatabasamu. "Nimekopa ile nyama yako. Nitakurudishia Jumatatu."

Mama Upendo, mimi sina nyama. Nina maharage.

Nikampigia Petro, hapatikani. Kule bondeni simu hazishiki. Harufu ya tangawizi na kitunguu saumu ikaanza kutoka jikoni. Nikisema mbele ya wageni, namwaibisha siku ya posa ya mwanawe. Nikinyamaza, watakula. Ndani mzee wao alishaanza kuulizia maji ya kunawa. Nikazunguka mlango wa nyuma, grisi mpaka kwenye viwiko, nikamwita pembeni.

"Ile nyama si yangu. Ni ya Petro."

"Nyama gani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuuliza, dada."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alizima gesi, akaitoa sufuria nje pamoja na mwiko wake. Bahati mchele ulikuwa haujaingia. Kisha, bila kunitazama, akauliza maharage nimeyaunga kwa mafuta gani. Mafuta ya alizeti, nikasema. Akatoa makopo yangu yote, akayayeyusha kwenye sufuria nyingine. Watu waliokuja kuposa wakala wali na maharage yangu. Mimi nilijifungia chumbani, natega sikio kama kuna anayecheka.

Jana Petro akarudi. "Ni kondoo, nilipewa na wakwe zangu kule Arash." Nikashusha pumzi. Bi Zaituni akauliza tu, "Kachinja nani?" "Sikuuliza," akasema Petro.

Leo asubuhi nimekuta makopo yangu mlangoni, yameoshwa, yamepangwa, matupu. Nikajua nimefukuzwa kwenye friza, na pengine chumbani pia. Nikamfuata dukani kwake kuomba radhi tena. Hakuniacha nimalize.

"Wageni wanarudi mwisho wa mwezi. Mzee wao ameuliza yale maharage kapika nani. Pika, ugandishe. Na furushi la mtu usilipokee tena bila kulifungua."

Hapo ndipo nilipokwama. Sikumbuki niliyapikaje. Muulize mama karanga za kusaga zinaingia kabla ya nazi au baada, halafu panda pale kilimani kwenye mtandao unipigie. Usicheke mpaka umalize kunieleza.

Msalimie mama, kaka yako seremala aliyeng'ang'ania msumeno wangu, na jirani anayekusomea mita ya maji. Upendo mbusu, umwambie baba anakula vizuri.

Mumeo, mpishi wa wakwe wa watu,
Baba Upendo