Viti vya Nyuma vya Kiberiti

Tarehe 4 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na wagonjwa wako wanakusumbuaje? Sisi hatujambo, ukiacha goti la Baba, ambalo sasa ndilo mkuu wa nyumba. Likisema tunakaa, tunakaa. Unisamehe mwandiko. Darasa la tano niliiacha kalamu, na kalamu nayo ikaniacha.

Gari ulilotununulia linatembea vizuri. Mtaani wamelibatiza Kiberiti, eti ukipiga chafya ndani unajigonga paji. Lakini Baba anaenea. Jumanne na Ijumaa namlaza kiti cha nyuma, mgongo kwenye mlango huu, mguu umenyooka mpaka mlango ule, tunakwenda kliniki ya viungo. Mbele hawezi, goti halikunjiki, linagota dashibodi. Yule binti wa mazoezi anamkunja kidogo kidogo. Mimi namngoja nje kwenye gari.

Sasa Dada nina jambo. Mwenye tanuri la mikate anatafuta mtu wa kumsambazia madukani asubuhi. Anataka gari lenye sanduku la kufunga kule nyuma, safi, hataki mikate yake ilale walipokalia watu. Nilimsimulia Baba tu, kama habari. Kesho yake akasema tung'oe viti vya nyuma, sanduku atalitengeneza yeye. Tangu aanguke kwenye paa la watu hajashika msumeno, na sasa ameanza kuulizia penseli yake iko wapi.

Nikasema gari ni lako, kwanza nikuulize.

Baba anakusalimu.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Mimi mzima, nyayo tu zinawaka moto, wodi yenyewe ndefu kama reli. Mwandiko wako usiuombee msamaha, nausoma bila miwani. Na wewe unavyoongea maneno manne kwa siku, barua hii kwangu ni hotuba.

Kuhusu viti, hapana. Sikununua gari la mikate, nilinunua gari la goti la Baba. Nimeuguza magoti mengi. Lisipokunjwa miezi hii ya mwanzo linaganda vilevile lilivyo, na hapo hata umlete daktari wa dunia nzima atakupa pole tu. Mikate itapata gari jingine.

Baba akikushikilia, na najua anavyoshikilia jambo, mwambie Dada kakataa. Nitupie mimi lawama zote, niko mbali, hazinifiki.

Nijibu uniahidi. Usiniandikie "sawa", hiyo sawa yako naijua tangu utoto. Andika kwamba unaniahidi.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje na hizo nyayo? Sisi wazima.

Barua yako nimeipata na Baba nimemsomea. Akaomba chai tu. Nakuahidi.

Kliniki tunakwenda. Jumanne tulikwenda na Ijumaa tulikwenda. Binti wa mazoezi anasema Baba ana moyo. Siku hizi anakula, anaamka mapema, hata anaimba. Sina mengi.

Mdogo wako


Tarehe 15 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na safari hii kweli sijambo.

Baba anaimba! Nimesoma mstari huo mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama ni barua ya mchumba. Tangu tumzike Mama sijamsikia akiimba. Nilikudhania vibaya, nikasema huyu mtoto kwa upole wake Baba atamzungusha. Nisamehe.

Nimepata soksi ya goti, ile ya kubana, nitampa mtu anayekuja huko. Ila nataka kujua goti limefika wapi. Chukua ule uzi wa Baba wa mafundo, maana tepu haiamini. Akunje mguu mpaka mwisho wake, upime kutoka kisigino hadi tako. Uzi ukiwa mfupi ndiyo goti limekunjika. Niambie uzi umefupika vidole vingapi.

Umefanya kazi kubwa, Kimya. Kazi ambayo ilikuwa yangu.

Dada yako


Tarehe 28 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea shikamoo yangu ukifika mwisho wa barua hii. Nimeiandika mara nne, tatu nimewashia jiko.

Nimempima. Mwezi wa tatu pale kliniki Baba mwenyewe alifunga fundo kwenye uzi, akasema hili ndilo la kuanzia, mengine yatashuka. Juzi nikauvuta uzi kisigino mpaka tako. Umepita lile fundo kwa vidole vinne. Umerefuka, Dada. Ningeweza kukudanganya tena, ulimi ulishazoea. Ila uzi ulikuwa mkononi mwangu, na Baba ananiangalia, ananiuliza vingapi. Nikamwambia viwili. Yeye pia nikamdanganya.

Viti havipo. Nilipokuandikia nakuahidi vilikuwa vimetoka siku nane. Sikungoja jibu lako. Na Baba sikumsomea ile barua, niliisoma peke yangu kwenye gari nikaifungia kwenye droo ya dashibodi. Mpaka leo anajua ulikubali. Kliniki hatujakwenda wiki kumi na tatu.

Siku ya kung'oa, Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa gari, mimi ndani na spana. Ananiongoza: hiyo kwanza. Legeza, usitoe. Sasa shika chini, inakuja. Kiti kilipotoka chini yake tulikuta sega la Baba na vidonge vitatu vya maumivu, alikuwa havimezi, anavisukumia huko. Nilivitia mfukoni. Tukaendelea na boliti iliyofuata.

Sanduku ni zuri, siwezi kulisema vibaya. Plaiwudi, pembe zimepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hakuna kinachokushika. Kifuniko cha bawaba, na vitundu vya hewa ubavuni ili mikate isitoe jasho. Na alisimama, Dada. Ameegemea mlango, penseli sikioni, mchana kutwa amesimama ananitukana kwamba nashika msumeno kama nashika samaki. Ndipo alipoimba. Katika barua yangu ile, kuimba tu ndiko kulikokuwa kweli.

Viti viko kwa kinyozi wa kona. Wateja wanangojea zamu juu yake, naye anawaambia wafunge mikanda maana nywele zao zina safari ndefu. Watu wanacheka. Mimi napita upande wa pili wa barabara.

Utasema nilifuata mikate. Mtaa mzima unasema hivyo, wanasema kijana amechangamka. Siyo mikate.

Pale kliniki mimi nilikuwa siingii ndani, hilo unalijua. Nasikia sauti ya Baba dirishani. Akitoka anatania wauguzi, anamwambia yule binti kwamba mikono yake ingefaa kukamua miwa. Namlaza nyuma, tunatoka. Tukishapita geti anaanza kulia. Bila sauti, mdomo wazi. Alidhani simuoni. Lakini kile kioo cha juu kinamleta mzima, uso na mguu wake. Nikawa nakiinua kidogo ili nione dari. Siku moja lori likanipigia honi hapo nyuma, sikuliona, nusura litupande. Nikakishusha, akarudi tena kwenye kioo, analia.

Aliposema tung'oe viti nilijua kwa nini anasema. Alikuwa hataki kwenda kule. Na mimi sikubisha, kwa sababu hata mimi nilikuwa sitaki. Siku ya kwanza na sanduku niliangalia kioo nikaona mbao. Dada, nilifurahi. Hilo ndilo linalonikaba. Siyo kwamba nilikudanganya. Ni kwamba nilifurahi.

Sasa mguu anauburuta. Wiki iliyopita aliteleza uani akienda kuoga. Hakuvunjika kitu, lakini aliniita kwa sauti ya mtoto.

Soksi ilifika. Haipandi, goti limevimba.

Mdogo wako


Tarehe 20 Julai

Kwako Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Huenda posta, huenda ni wewe, na ukiwa ni wewe sina neno.

Nimemsomea Baba. Yako ya mwezi wa tatu niliitoa kwenye droo nikamsomea, na yangu niliyokutumia nikamwambia yote kwa kichwa, mpaka pale pa kioo. Alikuwa anachonga mpini wa jembe la jirani. Aliendelea kuchonga. Halafu akauliza, "Kumbe ulikuwa unaniona?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na hukusema."

"Na wewe hukusema, Baba."

Akatazama ule mpini. Akasema, "Basi tumekuwa mabubu wawili kwenye gari moja." Akaniomba vidonge vyake. Nilikuwa navyo bado, vitatu vyote, kwenye bati la misumari. Akanicheka kwa kuvitunza, lakini hakucheka sana.

Leo ni Jumatatu. Amesema wiki hii twende kwa kinyozi.

Mdogo wako


Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Naipokea. Barua zako zote mbili zilifika, posta haina kosa.

Nilikasirika. Nilikuandikia matusi ambayo sikujua kama nayajua, nikayachana. Nikasema nitapanda gari nije niwatandike wote wawili, wewe na huyo seremala wako. Kisha nikajiuliza kwa nini sikupanda mwezi wa pili, alipotolewa plasta. Likizo nilikuwa nayo, Kimya. Siku ishirini na moja. Nilisema wodini hawana mtu, na mtu alikuwepo. Kila siku nakunja magoti ya baba za watu, wanalia mbele yangu, nawaambia vumilia mzee. La Baba yangu sikulitaka. Nikatafuta gari, nikakutafuta wewe, nikalala usingizi.

Wewe uliweka mbao kwenye kioo. Mimi niliweka gari zima.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukugombeza, ingawa nitakugombeza tukionana. Kwa sasa fanya moja tu. Ukimpeleka, usibaki kwenye gari. Ingia ndani. Mwombe yule binti akuonyeshe pa kushika.

Dada yako


Tarehe 9 Septemba

Kwako Dada,

Shikamoo. Hali yako? Sisi tupo, na goti lipo.

Kinyozi aligoma. Alisema ameshazoeza wateja, na wazee wa kona wanakuja kukaa tu hata kama hawana nywele. Baba akamwahidi benchi. Basi sanduku tukalishusha. Nilidhani atanipa msumeno, akasema kazi yake haibomolewi na mtu mwingine. Alikaa kwenye kigoda akalikata katikati mwenyewe, polepole, akisimama kupumua. Nusu ikawa benchi la kinyozi. Nusu imerudi garini upande wa kulia, fupi, juu yake tumegongea sponji. Kiti tulikipeleka kwa mchomeleaji akakikata fremu, kipande kimefungwa kushoto kwa boliti zake zilezile. Sasa Baba anakaa kushoto ananyoosha mguu juu ya mikate. Mwenye tanuri amenuna, maana ninakwenda mara mbili nilikokuwa nakwenda mara moja. Kifuniko kimefungwa, na Baba anavua kiatu.

Kliniki tumekwenda mara kumi na mbili, uliza binti wa mazoezi, kadi ina mihuri. Siku ya kwanza alimshika goti akajaribu kulikunja. Akaniambia litakunjika kiasi cha kukaa kitini, kuchuchumaa basi, na fimbo ni ya maisha. Akasema, "Mngekuja zile wiki," akaishia hapo. Sikumwomba amalizie.

Ninaingia ndani. Nashika kisigino. Baba analia palepale mbele yangu na kwa sauti, na anapopata pumzi ananiambia nikaze, nisishike kama nashika samaki. Paa hatapanda tena, Dada. Hilo nimelifanya mimi, na hata akinitania haliondoki.

Tukirudi kioo kimekaa sawasawa. Juzi kwenye taa nyekundu macho yetu yakakutana. Akasema, "Angalia barabara." Nikaangalia. Kisha nikamwangalia tena.

Ndani ya bahasha kuna uzi. Fundo nililolitia wino ni la Machi. La mbali ni la Juni, nilimwambia ukweli akalifunga. La tatu, katikati yao, ni la Ijumaa iliyopita. Kazi ya kupima ameniruhusu tepu kwa muda, analalamika.

Amesema uzi anautaka, lakini usiurudishe kwa posta.

Mdogo wako