Gauni la bluu kwenye pori la mbung'o

Sada, nimefungiwa kwenye gari la watu wanaotega mbung'o, huku ng'ambo ya ziwa kwa shemeji Dorotea. Vioo vimepandishwa, nakauka kama dagaa.

Kisa ni gauni langu la bluu na nyeusi, lile tulilogombania sokoni Mirongo mwaka tisini na tano, mitumba ilipokuwa ikimwagika.

Nakatiza pori, mbung'o wakanivamia. Mtaalamu wa mitego akaja mbio. "Shikamoo bibi. Hizo ndizo rangi za mitego yetu. Umejivika mtego."

Nikamjibu, "Marahaba. Basi nitundike mtini."

Hakucheka. "Bibi, hao wanaambukiza malale. Ingia garini, vua gauni, ubaki humu tukutafutie nguo nyingine, kisha twende ukapimwe damu."

Malale, Sada. Utani ukaniishia hapo hapo. Si unakumbuka kaka Maige alivyokuwa akisinzia na tonge mkononi, mpaka tukamzika?

Gauni wamelitundika nje, nalitazama kupitia kioo cha gari limejaa mbung'o. Mimi niko na shimizi tu, na shingoni nilipoumwa panawasha.

Wanangu usiwaambie. Nipigie tu uniongeleshe, joto hili linaniletea usingizi na mimi nauogopa.