Taa Waliyokuwashia, Wakesho

Dada yangu Wakesho,

Walikuwekea taa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapoa, na sitaki kupoa. Banda lako la mawe hapa Kasigau, lile ulilolichora ili watu wakae gizani, watazame nyota na wanyamaze kidogo, lilisimamishiwa taa ya sola juu ya mlingoti. Kubwa, nyeupe, ikimulika mpaka ndani ya zizi la jirani. Chini yake kulikuwa na kibao chenye jina lako. Eti ni kwa heshima yako.

Heshima gani hiyo? Ungekuwepo ungewafukuza na ngazi yao. Lakini hupo, kwa hivyo ilibidi nikasirike kwa niaba ya watu wawili, na nimechoka.

Ulipotuacha kuta zilikuwa zimefika mabegani. Fundi Mwakio aliendelea vilevile ulivyotaka: mawe ya mlimani, bila rangi, na mlango mfupi ili kila mtu aingie ameinama, awe mchungaji au mheshimiwa. Mawe bapa ya paa yakazunguka vizuri, katikati pakaachwa wazi. Jicho, ndivyo ulivyopaita. Kisha kamati ya kijiji ikaja kukagua. Unaijua kamati yetu, ikiona tundu haipati usingizi.

"Hii kazi haijaisha," akasema Baba Mdogo Mwadime, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti. "Si watu watanyeshewa?"

Nikamwonyesha mfereji wa sakafuni, unaopeleka maji ya mvua nje kwenye birika la mbuzi. Nikamwambia kwetu hapa mvua ikitaka kuingia ndani tunapaswa kuikaribisha na kuipa kiti, maana haiji kila siku. Akacheka. Akanipigapiga begani na kuniambia, "Mkawasi, wewe pumzika tu. Umefiwa." Kana kwamba yeye hakufiwa, kana kwamba hukuwa mtoto wa ndugu yake. Nikateremka Voi kumalizia ramani za watu ulizoziacha ofisini. Niliporudi nikakuta jicho limezibwa kwa mabati. Mabati ya bluu, Wakesho! Juu ya mawe ambayo akina mama wa kijiji kizima waliyabeba mgongoni.

Siku ya kufungua akaja mheshimiwa mmoja, akakata utepe, akasema hapa patakuwa pazuri kwa arusi na picha. Giza lilipoanza kuingia wakawasha taa yako. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua macho kutafuta ile nyota ya kwanza uliyokuwa unapenda kuiwahi, nikaona misumari. Nje nako hapakuwa na kitu, mwanga wote umetandaa juu kama uji uliomwagika. Nikalia kwa hasira, na wale walioniona wakasema, maskini, anamkumbuka dada yake.

Ningependa nimuulize kila mmoja wao kama aliwahi kukusikiliza. Sisi wawili tulilinda mahindi na baba kwenye shamba letu hapa tukiwa wadogo. Ndovu wakikaribia tulipiga madebe, na wakishaondoka usingizi ulikuwa umekwisha, tukabaki kutazama juu huku meno yakigongana. Ulisema watu wa Kasigau wanazijua nyota kwa sababu ya hofu tu. Ukasema unataka siku moja wazitazame wakiwa hawaogopi chochote. Hilo ndilo banda lenyewe. Si arusi.

Na lile bakuli la jiwe mlangoni? Walilijaza udongo wakapanda maua. Bakuli la kutasa! Hata watoto wetu hawajui tena, lakini kamati wote ni wazee, wanajua. Nyanya alitufundisha sote pale jikoni kwake: mwenye kinyongo achukue funda la maji, aseme kinachomuuma, apulize maji nje na aiamuru hasira imtoke moyoni kabla haijamdhuru mtu wa ukoo. Wewe ukaliweka bakuli pale kwa sababu, ulisema, mtu hawezi kutazama nyota huku ameuma meno. Nilipouliza nikaambiwa, "Maua yanapendeza zaidi."

Basi nikanuna. Sikwenda kwa Baba Mdogo, sikula kwake, tukikutana njiani namwamkia na kupita. Shikamoo, basi. Nafikiri miezi ilipita hivyo. Halafu ng'ombe wake akaharibu mimba. Halafu yeye mwenyewe akavimba mguu, hospitali ya Voi wakampa dawa, mguu ukakataa kupungua. Ungecheka jinsi alivyokuja. Yeye mzee wa kanisa, anayetuhubiria kila Jumapili kwamba mambo ya zamani tuyaache huko zamani, alikuja akichechemea, kibuyu cha maji amekificha ndani ya koti.

"Mwanangu," akasema, "hiyo hasira itoe. Itatumaliza."

Sijui kama ninaamini, Wakesho. Mguu ni mguu. Lakini nilimwona ameogopa, na nikajibu kabla sijafikiri: "Haina pa kutokea, Baba Mdogo. Mmeziba."

Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kwani wewe, Wakesho, ulitaka nini hasa pale. Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamwambia habari ya ndovu na madebe. Akasema hata yeye alikuwa akilinda, upande wa pili wa shamba, na hata yeye alikuwa akitazama juu.

Mabati yametoka. Mwakio alipanda kuyang'oa na Baba Mdogo akashika ngazi huku amesimamia mguu wake huohuo mbovu, akikemea kila aliyepita kuuliza. Taa wameipeleka zahanati, ambako akina mama hujifungua kwa mwanga wa simu. Maua nimeyahamisha kwenye kaburi lako. Usiyachukie, hayana kosa.

Jioni hiyo tuliingia tumeinama, mimi na yeye. Nikachota maji bakulini, nikasema yote yaliyoniuma kuhusu paa na taa na kupigwapigwa begani, nikapuliza, maji yakamrukia mpaka kwenye ndevu. Akaitikia kila neno. Nilihisi kifua kimefunguka, na nyota zilikuwa zimeanza kujaa kwenye jicho.

Kisha nikabaki peke yangu nikalala kwenye benchi lako. Unakumbuka tulivyolipima? Tulilala chali juu ya mwamba, tukachorana kwa chaki, ukasema tufuate mgongo wako kwa sababu mimi nina miguu ya twiga. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa kweli, nami nikadhani ni vumbi la chaki. Wiki ileile uliniambia unaenda Mombasa kuangalia vigae. Vigae! Ukaniachia mfereji nichore. Ulikuwa unaenda hospitali, ulijua, daktari alijua, na mimi ndugu yako wa tumbo moja nilikuwa nimeinama mezani nikikokotoa mteremko wa maji.

Kwa nini hukuniambia? Ningekuja. Ningekaa hapo kitandani nikushike mkono, nikuudhi, nikusomee hata bei za simiti. Uliwapa watu wote mahali pa kukaa na mimi ukaninyima.

Nikainuka, nikachota funda la pili. Hilo lilikuwa lako. Nyanya alitufundisha kuwatuliza marehemu wenye kinyongo na sisi, hakutufundisha la kufanya tukiwa sisi ndio wenye kinyongo nao. Nilisimama pale mashavu yamejaa maji, nikitafuta neno la kuiamuru itoke. Sikulipata. Nikaona ikinitoka hii, nitabaki na nini chako kilicho moto?

Sikuyatema, Wakesho. Niliyameza.

Kwa hivyo bado nimekukasirikia, na nitaendelea kwa muda. Ninakuahidi hakuna mtu atakayewasha taa pale nikiwa hai. Bakuli nitalijaza mwenyewe, na kila nikija nitajaribu tena lile funda lako. Siku likitoka utajua. Mpaka hapo lala, dada. Benchi lako ni fupi kwangu, miguu yangu inaning'inia nje.

Mdogo wako,
Mkawasi